Alama Mbili za Chokaa

Nimefundisha kemia darasa la kumi na mbili miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniambia usoni kwamba nimekosea. Nyuma ya kisogo sijui, ingawa ningesikia. Darebo ni kijiji chetu wenyewe, nyumba zimesimama juu ya nguzo baharini, ukikohoa jikoni kwako jirani anakwambia pole. Wanafunzi waliniita Mama Hesabu-Gesi. Mimi nilijifanya nimekasirika, na moyoni nikatamba.

Jina lenyewe lilitokana na somo la entropi. Kila mwaka somo hilo likifika wanafunzi hutoa macho. Nami huwaambia, jamani, entropi ni kipimo cha mtawanyiko, basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo bibi zenu walilijua kabla ya vitabu. Mtihani hautaki uzame. Unataka uutazame mmenyuko kisha useme entropi imeongezeka au imepungua. Na kwa kazi hiyo nilikuwa nimetunga wimbo, na makofi yake: hesabu gesi! Gesi zikizidi kulia, imepanda. Zikipungua kulia, imeshuka. Hakuna gesi? Tazama kilichoyeyuka: kilichoyeyuka kimetawanyika, imepanda!

Halafu nawapa mifano ya nyumbani. Kombe la pwani likichomwa, linabaki chokaa na hewa ya kaboni inatoka. Kushoto hakuna gesi, kulia iko moja, imepanda. Naitrojeni moja na hidrojeni tatu zikiungana zinatoa amonia mbili: nne zimekuwa mbili, imeshuka. Watoto waliimba hadi wanawake wanaouza samaki kando ya barabara wakaujua wimbo, wakawa wananitania nikipita, noti zao za kina mkononi, "Mama, hesabu gesi, sisi tuhesabu kina!" Mkaguzi mmoja kutoka mjini aliuandika kwenye daftari lake. Nikavimba kichwa mwezi mzima.

Wimbo ule ulikuwa kweli mara tisa katika kumi. Hapo ndipo penye ubaya wake, maana ungekuwa wa uongo ningeugundua mapema.

Sasa nije kwa Boio. Boio ni mtoto wa kaka yangu, Lohia. Kaka yangu alitafuna tambuu tangu alfajiri hadi anapolala, na akiwa na miaka arobaini na saba akaota kidonda ndani ya shavu. Tulimtibu kwa maji ya chumvi, kisha kwa maombi, kisha kwa hospitali, kwa mpangilio huo huo wa kijinga. Miezi minane ya mwisho Boio ndiye aliyekuwa akimnywesha uji kwa mrija, msichana wa miaka kumi na mitano, anamfuta baba yake kidevu na kumwambia habari za shule kana kwamba hakuna jambo. Baada ya mazishi alinifuata nikiwa nimekaa ngazini, akasema, "Shangazi, mimi nitakuwa daktari wa midomo." Nilicheka huku nalia. Nikamwambia, "Basi kemia ni juu yangu."

Mama yake, wifi yangu Geua, kazi yake ni kuchoma chokaa. Ndiyo, chokaa hiyo hiyo inayotafunwa pamoja na tambuu. Anaokota makombe na matumbawe yaliyokufa, anayapanga juu ya magogo ya mikoko, anawasha, na yakishaiva anayanyunyizia maji mpaka yafoke na kubomoka kuwa unga mweupe, chokaa iliyozimwa. Chokaa ilimla Lohia, na chokaa ikamsomesha bintiye. Sote tulilijua hilo, na jioni sote tulitafuna. Mimi mwenyewe nilikuwa natafunia nyuma ya maabara, kwa sababu mkuu wa shule, Bwana Sere, alipiga marufuku tambuu na mwenyewe ana meno mekundu kuliko yangu.

Maabara yetu haikuwa na kitu. Kabati la dawa lilikuwa na chupa tatu, mbili tupu. Kwa hiyo nikitaka maji ya chokaa kwa ajili ya wale wa darasa la tisa, wapulizie kwa mrija waone yanavyogeuka meupe, nilimtuma Boio kwa mama yake. Yeye ndiye aliyekoroga, akachuja, akaniletea chupa safi. Siku moja mwezi wa pili alikuja nayo akasema, "Shangazi..."

"Hapa mimi ni nani?"

"Mwalimu. Mwalimu, ya leo nimetumia maji baridi ya mtungini. Maji ya uvuguvugu hayafai, chokaa inakataa. Ukiyapasha yaliyo tayari ndiyo kabisa, unaona weupe unarudi chini."

"Alimradi ni safi," nikamwambia, nikaenda zangu darasani. Sikumuuliza kwa nini. Mtu wa kemia miaka ishirini na miwili, naletewa jambo kama lile mkononi, nami nashughulika na chupa.

Mwezi wa nane tukafanya mtihani wa ndani. Kwetu alama za shule ni nusu na za mtihani wa taifa ni nusu: hamsini na hamsini, zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayosema nani anakwenda chuo kikuu na nani anarudi kijijini. Boio alihitaji daraja la A katika kemia, vinginevyo mlango wa udaktari haufunguki. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata mchungaji alilitaja kanisani.

Swali la nne nililitunga mwenyewe. Chokaa iliyozimwa inayeyuka katika maji. Je, entropi inaongezeka au inapungua? Eleza. Alama mbili. Nililiweka kama zawadi, la kuwapa moyo wale wazito. Wanafunzi walikuwa arobaini na mmoja. Arobaini waliandika inaongezeka, kwa kuwa kilichoyeyuka kimetawanyika. Nikasahihisha pale mezani kwangu, tambuu shavuni, vyema, vyema, vyema, mpaka nikafika kwa Boio.

Boio aliandika inapungua. Na maelezo yake nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu tangu siku ile nimeyasoma mara nyingi kuliko Zaburi. "Chokaa ikiyeyuka inatoa joto kidogo. Kitu kinachotoa joto kingepaswa kuendelea chenyewe kwa urahisi. Lakini chokaa inayeyuka kidogo sana, na maji yakiwa ya moto inayeyuka kidogo zaidi. Kwa hiyo kuna kitu kinaizuia. Si joto, basi ni entropi. Nadhani chembe za chokaa zikiingia majini zinayashika maji yaliyo karibu, yanapangika kuzizunguka, na mpangilio huo unazidi mtawanyiko wa chokaa."

Niliandika KOSA, kwa herufi kubwa, kalamu nyekundu. Ubishi huu ameutoa wapi, nikajiuliza. Na nitasema kweli: kulikuwa na kitu kilichonichoma. Kama angekosea kwa uvivu ningemsamehe. Alikuwa amefikiri mahali ambapo mimi nilikuwa nimewaambia waimbe.

Siku ya kurudisha karatasi nikamsimamisha.

"Boio Lohia. Hili jibu la nne umeliandika wewe au mama yako?"

Darasa likaangua kicheko. Toua, yule mcheshi wa nyuma asiyekosekana darasa lolote, akadakia, "Mwalimu, ameandikiwa na kombe lenyewe!"

"Nyamaza, Toua, wewe una nane. Boio, nikitia chumvi kwenye maji, inatawanyika au inajikusanya?"

"Inatawanyika, Mwalimu."

"Na chokaa?"

"Inatawanyika. Lakini maji..."

"Maji yamefanyaje?"

"Yanashikwa, Mwalimu."

"Yanashikwa na nani? Na polisi?"

Wakacheka hadi wengine wakapiga madawati. Boio naye akatabasamu, tabasamu lile la mtu anayeomba yaishe, kisha akakaa na kuificha karatasi chini ya daftari. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulikuwa na sukari, nikaona somo limenoga.

Baada ya kengele akaja mezani kwangu. Alingoja wenzake watoke. "Mwalimu, naomba unisomee tena. Kama hoja yangu ina kosa, unionyeshe liko wapi."

Ombi dogo tu. Ningekaa dakika tano, ningelitafuta hilo kosa na kulikosa. Badala yake nikafunga mkoba wangu nikamwambia, "Sikiliza, binti yangu. Ukifika chuo kikuu utabishana mpaka uchoke, huko ndiko kwenye wabishi. Hapa tunapita mtihani. Kilichoyeyuka kimetawanyika, basi. Mimi ni dada wa baba yako. Nitakudanganya?"

"Hapana, shangazi," akasema.

Aliniita shangazi darasani, na kwa mara ya kwanza sikumkosoa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi, saa za mchana, nilikuwa katika chumba cha walimu nikitunga zoezi jingine, nikafungua kile kitabu kinene chenye majedwali ya entropi za vitu. Ukiwa na jedwali huhitaji wimbo wala kubahatisha: unajumlisha za kulia, unatoa za kushoto. Nikaona chokaa pale. Mkono wenyewe ukachukua kikokotoo. Nilitaka kumwonyesha Boio namba, ili ubishi uishe kwa amani.

Namba ilitoka hasi. Toa mia moja hamsini na nane. Si hasi ndogo ya kusema labda nimekosea kukadiria.

Nikarudia. Nikabadilisha kikokotoo. Nikarudia tena kwa kalamu, kama darasa la sita. Toa mia moja hamsini na nane. Nikatoka nikaenda maabara, nikachukua chupa ya maji ya chokaa aliyoiacha Boio mwenyewe, maangavu kama machozi, nikayapasha juu ya jiko la spiriti. Kabla hayajachemka yakaanza kuwa na ukungu. Weupe ukashuka chini polepole, vile vile alivyonieleza mwezi wa pili. Nilisimama pale nimeshika koleo, nikajisikia mwizi.

Mtoto alikuwa sahihi. Na hakuwa sahihi kwa bahati. Alikuwa ameipita njia nzima kwa miguu yake, kutoka kwenye mtungi wa mama yake hadi kwenye namba ambayo mimi nilihitaji jedwali kuiona.

Alama za ndani zilitakiwa kufungwa kesho yake, Ijumaa. Nilikuwa na jioni nzima na asubuhi nzima. Ningeweza kuandika mbili mahali pa sifuri. Kazi ya sekunde tatu. Lakini mara nikaanza kujipigia hesabu. Nikimpa Boio, lazima niseme kwa nini, na nikisema kwa nini, wale arobaini wamekosa, nao wamekosa kwa sababu mimi niliwaimbisha. Niwapokonye alama mbili mbili watoto arobaini? Na wale wa miaka ishirini na miwili iliyopita? Na mkaguzi na daftari lake? Na Toua, aliyecheka kwa ruhusa yangu? Nikajiambia ninawalinda wale arobaini.

Ulikuwa uongo. Ningeweza kumpa yeye zake na kuwaachia wengine zao, na hakuna aliyekuwa na wivu naye. Nilikuwa najilinda mimi. Nilikuwa nimemcheka mbele za watu, na ili kumrudishia haki yake ilibidi nisimame mbele ya watu wale wale. Hilo tu. Ni jambo dogo ukilisema, na lilinishinda.

Ijumaa saa nne Bwana Sere akaingiza kichwa mlangoni. "Mama Hesabu-Gesi, karatasi yako tu ndiyo imebaki. Bahasha inaondoka na gari la saa sita."

"Imekwisha," nikasema.

"Alama zote ziko sawa?"

"Zote ziko sawa."

Nikatia sahihi.

Nilipata faraja moja na nikaing'ang'ania. Mtihani wa taifa unasahihishwa mjini, na watu wasionijua, wenye jedwali mbele yao. Boio ni mbishi, nikajiambia, ubishi wake utamwokoa. Swali la aina ile likitokea ataandika anachokijua, na wao watampa haki yake. Na mwezi wa kumi, karatasi za taifa zilipofunguliwa, nikasogea nikachungulia. Swali la nane: chokaa iliyozimwa katika maji, entropi inaongezeka au inapungua, eleza, alama mbili. Nilitaka kupiga kelele pale ukumbini. Nikamtazama Boio ameinama mistari mitatu mbele yangu, nikasema kimoyomoyo, haya mwanangu, chukua chako.

Kwa wale arobaini nilihuzunika, sisemi sikuhuzunika. Wiki za marudio walikuwa wameimba wimbo wote, mstari wa mwisho na makofi yake, nami nikawa natazama dirishani kana kwamba kuna mtu namngoja. Niliona haya, lakini haya isiyotenda jambo haina faida kwa mtoto wa mtu.

Matokeo yalikuja katikati ya Desemba. Bwana Sere aliniita ofisini, akanigeuzia karatasi, kidole kikiwa juu ya jina.

"Mpwa wako. B."

"B ya ngapi?"

"Sabini na mbili. A imeanzia sabini na tano. Tatu tu, Konio. Tatu!" Akapiga meza. "Nafasi za udaktari zimeshatolewa. Nimepiga simu mara mbili, wanasema mwaka huu wameanza na A na wamemaliza na A."

Nikauliza, "Na alama za ndani haziwezi kuguswa?"

"Zilifungwa tangu Agosti. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Niliketi pale nikahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi niliyojaliwa. Sabini na mbili, ongeza mbili zangu, sabini na nne. Hata ningempa, asingefika. Nitakiri jambo ambalo sijamkiri mchungaji: nilishusha pumzi. Mpwa wangu amepoteza alichokitaka tangu siku ya kuzika baba yake, nami kitu cha kwanza kilichonijia kifuani ni nafuu. Si mimi, nikasema. Hata bila mimi angekosa.

Nikateremka ufukweni kumpa pole. Tanuri la Geua liko mwisho wa kijiji, ng'ambo ya kanisa, ambako moshi hauingii nyumbani kwa watu. Boio alikuwa peke yake, kitambaa puani, anachekecha chokaa iliyopoa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za kikongwe.

"Shangazi, hamia huku, upepo utakutia vumbi machoni."

Nikahamia. "Nimetoka kwa Bwana Sere."

"Nimeshasikia. Toua amekuja mbio kuniambia, maskini, analia kuliko mimi." Akagonga chekeche kwenye kiganja. "Yeye amepata D, nikamwambia basi nani amlilie mwenzake."

Nilimsifu, nikamwambia sabini na mbili si alama ya aibu, nikataja chuo cha wauguzi, nikataja kurudia mwaka ujao, yale yote ambayo watu husema huku wote wakijua ada haipo. Alikuwa akiitika, "Ndiyo, shangazi. Ndiyo, shangazi." Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na ile nafuu yangu ya siri na nilitaka kumgawia kidogo, nikasema, "Angalau lile la chokaa hawakukunyima. Mbili zile ni zako, hakuna wa kukunyang'anya."

"Lipi?"

"La nane. La taifa. Nililiona."

"Ah, lile." Akaendelea kuchekecha. "Lile nilikuwa karibu nikosee. Mwanzo niliandika inapungua, nikaeleza na maelezo yote. Halafu nikafuta. Nikaandika inaongezeka, kilichoyeyuka kimetawanyika, kama ulivyotufundisha."

Yeye akadhani sijasikia, akaongeza, "Nilikumbuka ulivyoniambia siku ile. Nikasema, mimi nani nibishane, shangazi hawezi kunidanganya."

Sabini na mbili, na mbili, na mbili. Sikuhitaji kikokotoo. Nilikaa chini mchangani, nguo yangu nzuri ya shule na yote.

"Shangazi? Umeshikwa na nini?"

"Ulikuwa sahihi," nikasema. "Inapungua. Wewe ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea."

Chekeche likasimama.

"Maelezo yako yalikuwa sahihi yote. Maji yanashikwa. Nilipiga hesabu, ni hasi, hasi kubwa."

"Ulipiga lini?"

Ningeweza kusema jana. Kulikuwa na nafasi ya uongo mwingine pale, na nashukuru kwamba angalau huo sikuusema. "Alhamisi. Ile ya mwezi wa nane."

"Ile kabla ya Ijumaa ya bahasha?"

"Ile."

Alivua kile kitambaa usoni. Chini ya kitambaa uso ulikuwa safi, juu mweupe, na sikujua nimtazame wapi. Nilingoja anitukane. Nilikuwa natamani anitukane. Kwetu mtu hamtukani dada wa baba yake, lakini siku ile ningempokelea hata kofi. Yeye akasema, taratibu, kama anayeuliza swali darasani, "Kwa hiyo nilikuwa naelewa?"

"Ulikuwa unaelewa."

"Mimi nilidhani kichwa changu hakifai. Tangu siku ile, nikifikiria jambo mwenyewe, naliacha. Najiambia unaanza tena." Akafuta macho kwa mkono wenye chokaa, yakamwasha, akageuka akanawa kwa maji ya ndoo, akanawa tena na tena hata baada ya chokaa kwisha.

"Nitakwenda mjini," nikamwambia. "Nitawaandikia. Nitamwambia Bwana Sere kila kitu, nitasimama kanisani..."

"Nafasi zimeshatolewa, shangazi."

"Nitamwambia mama yako. Leo hii."

"Hapana." Aligeuka haraka, maji yanamdondoka. "Huyo usimwambie. Mama anawaambia watu wote kwamba baba alipokufa wewe ndiye uliyenishika mkono. Hana kitu kingine cha kujivunia mwaka huu. Ukimwambia atabaki na nini? Niahidi, shangazi."

Nilikuwa sijajibu tulipomsikia Geua mwenyewe anateremka njiani, kwa sauti yake ile inayotangulia mwili. "Wifi! Nimekutafuta shuleni, nimekutafuta nyumbani, kumbe umekuja kumliwaza mwenzio!" Alikuwa na furushi kwapani. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa amechana nywele, amevaa kama mtu anayekwenda kwa watu. "Nilikushonea hii nikaificha kwa siku ya furaha. Sasa furaha imekataa kuja, mimi nifanye nini, niiache iliwe na mende? Matokeo ni ya Mungu. Kazi uliifanya, wifi. Watu wote wameiona."

Ilikuwa blauzi pana, ya bluu, maua meupe shingoni, mshono wa mkono, sindano kwa sindano. Lazima ilimchukua miezi.

"Vaa basi tuione," akasema Geua.

Nikamtazama Boio. Alinitazama na yeye, na sikuona hasira machoni mwake. Nilimwona anangoja, kama siku ile alivyongoja wenzake watoke.

"Boio, msaidie shangazi yako, si unaona mikono imemkwama?"

Boio akafuta mikono yake kwenye sketi, pande zote mbili, ili asinichafue. Akaniingiza kichwa, akanishushia blauzi mgongoni, akainyoosha mabegani mpaka ikakaa sawa. Nami nikamshukuru wifi yangu, kwa sauti, kama mtu anayestahili.